Okestra mbele ya watoto wa Amu: anza na swali, ala zitafuata

Okestra nyingi zinazokuja Lamu, au Amu kama tunavyoiita wenyeji, hufika na mpango uleule wa watoto. Mpiga fidla anasimama, anataja jina la ala yake, anapiga kidogo, anaketi. Kisha vayola, kisha chelo. Kufikia basuni, watoto wa nyuma washaanza kufinyana. Kazi yangu ni ya upande wa wenyeji: kutafuta mahali, kuzungumza na shule, kukubaliana na wapigaji kipigwe nini. Anayeniomba ushauri namwambia kwanza aitupe hiyo orodha.

Tafuta swali moja, na kila kitakachopigwa kilijibu. Kondakta Mmarekani Leonard Bernstein alipoanza kuongoza maonyesho ya vijana ya okestra ya New York Philharmonic, Januari 1958, onyesho la kwanza liliuliza: muziki una maana gani? Aliendelea hadi 1972, maonyesho 53, yakirushwa kwenye televisheni, na mengi yalibebwa na swali la namna hiyo. Mtoto aliyeulizwa huketi akitafuta jibu.

Kwa Amu, swali lililotufaa kuliko yote ni hili: pumzi inageukaje kuwa sauti? Mtoto wa hapa ameshaisikia zumari kwenye kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, na harusini, amemwona mpigaji mashavu yamefura. Basi mweke mpiga zumari bega kwa bega na mpiga obo. Ala zote mbili zinaimba kwa ndimi mbili nyembamba zinazotetemeka zikipulizwa, na watoto hulisikia hilo kabla hujafungua mdomo kueleza. Kisha honi (ile ya okestra, si ya gari, na huku mjini magari yenyewe ni ya kuhesabu). Siwa ya shaba, lile pembe kubwa la sherehe, iko kwenye Makumbusho ya Lamu, nayo hupulizwa ubavuni. Honi hupulizwa mwisho wa bomba. Lakini kote kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji. Waambie watoto wabane midomo na wapulize, ukumbi mzima ungurume kama boti ya kuvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, halafu honi iingie juu ya ule mngurumo. Hapo hakuna haja ya hotuba.

Sheria yangu moja kali: piga kwanza, sema baadaye, na usiseme zaidi ya dakika moja. Tulipopiga sauti ya mbwa mwitu kutoka hadithi ya muziki ya Prokofiev, mtunzi Mrusi, bila kutaja ni nani, kijana mmoja wa mtaa wa Langoni akasema, "Ni watu watatu wamebeba kabati." Na kweli, honi za yule mbwa mwitu ni tatu. Ungemwambia mapema kwamba ni mbwa mwitu, asingezihesabu.

Hadithi hiyo ya Petro na mbwa mwitu Prokofiev aliitunga mwaka 1936 kwa ajili ya jumba la maigizo la watoto mjini Moscow, na bado inafanya kazi. Ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, Petro mwenyewe ni nyuzi. Wapo wanaonishauri mbwa mwitu ageuzwe fisi ili watoto waelewe. Sikubali. Watoto wa Amu hawajamwona mbwa mwitu, na jini pia hawajamwona, lakini hadithi za majini zinawanyima usingizi. Kinachohitaji kubadilishwa ni msimulizi. Mtafute mtu wa mji anayejua kuita "Paukwa!" akaitikiwa "Pakawa!" kwa sauti ya kutikisa dari, na kondakta abaki na kijiti chake. Kumbuka tu kwamba kazi hiyo inachukua kama dakika 25, na onyesho zima la watoto wa msingi lisipite dakika 45. Chekechea wafanyiwe lao peke yao, fupi zaidi.

Watoto waimbe pamoja na okestra. Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, wana mpango unaoitwa Link Up ambapo wanafunzi hujifunza nyimbo darasani, kisha huimba na kupiga rekoda kutoka vitini mwao pamoja na okestra. Huku chukua wimbo wa mchezo wanaouimba uwanjani tayari, uandikwe kwa ufunguo wa D: nyuzi za fidla ni G, D, A na E, kwa hiyo ufunguo huo unawaka wenyewe, na sauti za watoto zinaufikia bila kupayuka.

Mahali pazuri ni ua wa Ngome. Kuta zake za mawe, zilizokamilika mwaka 1821, zinarudisha sauti, ilhali ufukweni Shela fidla hazivuki safu ya tatu. Tandika majamvi, watoto wakae chini karibu na wapigaji, na walimu wakae katikati yao wakiwa wameziweka simu kando. Wakati wa kusi nunua vibanio vya nguo vya kutosha, la sivyo karatasi za nota zitaishia baharini. Ala zisiachwe juani hata kidogo, maana gundi ya fidla hulegea kwa joto na unyevu. Besi, ile ala ya nyuzi kubwa kuliko zote, ivuke kutoka Mokowe kwenye boti yake peke yake na mtu wa kuikumbatia njia nzima.

Ratiba ipangwe kwa adhana na kwa chuo (madrasa), si kwa saa ya okestra. Baada ya alasiri mpaka kabla ya magharibi pana nafasi. Kuna wazazi na walimu wa chuo wasioutaka muziki kwa watoto wao. Waeleze wazi kitakachopigwa, na kaswida usiziguse ili kuwavutia. Mgeni rasmi naye, hotuba yake iwe mwisho. Au mpe kijiti aongoze mapigo manne, mara nyingi hotuba humtoka kichwani.

Vijana wa sekondari ni habari nyingine kabisa. Usiwaalike kwenye tamasha la watoto. Waweke viti katikati ya wapigaji, mmoja kando ya ngoma, mwingine nyuma ya chelo, waone kondakta anavyowatazama wapigaji. Swali lao la kwanza litakuwa la pesa, na lijibiwe kwa pesa: mpigaji analipwaje, alijifunza wapi, fidla yake ilipatikanaje. Bora zaidi ajibu mwenye umri wao. Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, imekuwa ikifundisha vijana tangu 2008. Ukiweza kumgharamia mmoja wao nauli ya basi mpaka Mokowe, mwachie jukwaa, na watu wazima washuke.