Bulabo imekaribia na gesti za Kisesa zimejaa, tutalala wapi?

Meseji zenu safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, pa kulala, na nyingi ni za Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza. Nawaelewa, huku Kanda ya Ziwa kiangazi kikishaingia, mavuno yako ndani na vumbi limeanza, kila mtu anataka kwenda kusikiliza ngoma mahali, na wenye gesti wanalijua hilo kuliko hata nyie. Majina nimeyaficha kama kawaida.

Shikamoo anti. Niko Kahama, tuko wanne, wasichana wawili wavulana wawili, tunataka kuja Bulabo pale Bujora tukae kama siku nne hivi. Nimepiga simu gesti mbili za Kisesa, moja imejaa, nyingine wamenitajia bei ambayo nikijumlisha siku zote bora ninunue mbuzi nirudi naye nyumbani. Rafiki yangu anasema tutafute familia itupokee tuwalipe kidogo, ila mi naona aibu kulala kwa watu nisiowajua na kwa kweli naogopa pia. Hivi inawezekana au stori tu? Bajeti yetu ya kulala ni elfu kumi kila mtu kwa usiku. Mpenda ngoma, Kahama.

Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa, na kwa elfu kumi kila mtu familia nyingi zitawapokea kwa mikono miwili maana nyie wanne mtakuwa mnaacha elfu arobaini kila asubuhi, si hela ndogo hiyo kwa nyumba ya kijijini. Tatizo lenu ni kwamba mnatafuta kwenye simu. Mwenye chumba cha uani ambacho mpangaji kahama mwezi uliopita hajakitangaza popote, na wala hajawahi kufikiria kwamba mgeni anaweza kulipia kulala humo, mpaka aje mtu anayemwamini amwambie mama fulani kuna watoto wa watu wanatoka Kahama wanatafuta pa kulala na wana hela yao.

Sasa huyo mtu wa katikati ndo wa kumtafuta. Mi ningeanzia parokiani. Bulabo imeshikana na kanisa tangu zamani, aliyeisimamia Bujora na kuianzisha ile makumbusho ya Wasukuma ni padri wa Kikatoliki, David Clement, Mkanada, na mpaka leo sherehe inafuata sikukuu ya Ekaristi, kwa hiyo mtu wa parokia ya Bujora anajua nani ana nyumba kubwa, nani kabaki peke yake na nani ni mlevi. Kama kuna Mkatoliki kati yenu mwambieni mwenyekiti wa jumuiya yenu ya Kahama awapigie simu wenzake wa huko, na kama hakuna msiogope, hakuna anayewauliza dini mlangoni. Njia nyingine ni wacheza ngoma wenyewe, kama kuna kikundi kinachotoka upande wenu kuja kucheza ongeeni nao, hao wana wenyeji wao wa miaka na miaka na mara nyingi kunabaki nafasi ya kujibana. Ila kabla ya yote waulizeni wazazi, maana mtu wa Kahama kukosa kabisa shangazi wa shangazi upande wa Kisesa au Magu, mi siamini.

Kuna jambo wengi wanalikosea, tarehe. Usikariri ya mwaka jana. Sikukuu ya Ekaristi inahesabiwa kutoka Pasaka kwa hiyo kila mwaka inahama, mwaka 2026 Pasaka ni Aprili 5 na Alhamisi ya Ekaristi inaangukia Juni 4, ila 2027 Pasaka ni Machi 28 na Ekaristi inarudi nyuma mpaka Mei 27, na parokia nyingi zinasherehekea Jumapili inayofuata, halafu ratiba ya mashindano ya ngoma wanaipanga wenyewe Bujora. Piga simu uhakikishe ndo umwambie mwenyeji siku unayokuja. Na ikiangukia Juni kumbuka shule nazo zinafunga, watoto wa bodingi wanarudi nyumbani, kile chumba ulichoahidiwa mwezi wa nne unaweza kukuta kina vijana watatu ndani, ndo maana nasema mrudie mwenyeji wiki moja kabla hata kama mmeshakubaliana.

Kuhusu mahali, si lazima mlale Kisesa yenyewe. Ngoma za Bulabo zinapigwa mchana, makundi mawili ya wacheza ngoma yanayoshindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi, yaani watazamaji ndo majaji, mkisikia watu wanapiga kelele kule mnakimbilia kule, mara mcheza ngoma katoa chatu huku mnarudi huku. Jua likizama shughuli uwanjani imepungua na daladala bado zipo. Bujora ni kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, kwa hiyo Igoma, Nyakato, mpaka Buzuruga ziko kwenye njia hiyohiyo ya daladala za Kisesa, na huko vyumba ni vingi kuliko Kisesa. Ukishuka Kisesa unapanda bodaboda au unatembea tu, ni karibu. Kitu ambacho sikushauri ni kulala Nyegezi au Mkolani eti kwa sababu basi lenu la Kahama linashushia stendi ya Nyegezi, hapo mtakuwa mnavuka mji mzima asubuhi na jioni na nauli itakula kile mlichookoa kwenye chumba. Tena mkifika Usagara muulizeni konda, kuna barabara inayotoka pale kwenda Kisesa bila kuingia mjini, kama kuna gari ya kuunga siku hiyo shukeni hapohapo.

Aibu itaisha dakika ya kumi, niamini. Ingieni na mwanga bado upo, wavulana mbele wakisalimia wazee, ukijua kusema mwangaluka asubuhi hata kama unabahatisha umeshapata chai. Msiingie mikono mitupu, kilo mbili za sukari na miche ya sabuni inatosha, hiyo haihesabiwi kwenye malipo. Hela ya kulala mpeni mama mwenye nyumba, si kijana aliyewapeleka. Ulizeni mapema maji ya kuoga ni ndoo ngapi, choo kiko wapi usiku, geti linafungwa saa ngapi, na wasichana walale chumba chenye komeo la ndani. Chandarua kama hakipo mje nacho, huku ni ziwani na malaria haijaenda likizo. Na sweta, watu wanadhani Mwanza ni joto tu halafu Juni saa kumi usiku wanatetemeka. Asubuhi mkiwekewa chai na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, msiulize mkate uko wapi.

Hofu yako nyingine inaisha kwa kitu kimoja, mwambieni mwenyeji awapeleke kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji mjitambulishe mkiwa na vitambulisho. Akisitasita, tafuteni nyumba nyingine.

Anti mwangaluka. Mimi ndo niko huko Kisesa wanakokuja hao wageni, ni mjane, nina vyumba viwili vya uani havina mpangaji. Jirani ananiambia nipokee watu wa Bulabo nipate hela ya ada, lakini sijui nitoze ngapi na naogopa kuibiwa, pia nina binti wa kidato cha tatu. Mama wa Kisesa.

Mwangaluka mama. Pokea. Ila binti kwanza, yeye alale nyumba kubwa na wewe siku zote hizo, na asiwe ndo wa kupeleka maji ya kuoga wala chai kwenye vyumba vya uani, chota ndoo weka mlangoni mwenyewe au mtume mdogo wa kiume. Hilo halina mjadala hata wageni wakiwa masista.

Bei usiitoe kichwani. Nenda gesti iliyo karibu uulize bei yao ya siku za kawaida, si ya sikukuu, halafu wewe kaa chini yake kidogo, maana wao wana choo ndani na wewe choo chako kiko nje. Chai weka humohumo, chakula cha jioni kiwe na bei yake na wakuambie asubuhi kama watakula, usije ukasonga ugali wa watu sita na sato umeshamkaanga halafu wenyewe wameshakula kwa mama ntilie uwanjani. Luku mama, luku! Wageni wanne wana simu sita na spika, kama umeme wako ni wa kubana sema mapema kuchaji ni mpaka saa fulani.

Kuibiwa kunazuilika. Nunua daftari la kawaida, andika jina, anakotoka, namba ya kitambulisho na ya simu, na mgeni mwenyewe asaini. Siku hiyohiyo mpelekee balozi taarifa kwamba una wageni wangapi. Mwizi akiona daftari tu anakumbuka ana ndugu Magu anamsubiri. Pesa ilipwe wanapoingia, si wanapoondoka, usione haya, na kama wanakaa siku nne walipe zote au angalau mbili kwanza. Ukiona biashara imekunogea ukataka kupokea wageni mwaka mzima hapo sasa nenda halmashauri uulize habari ya leseni, hiyo si Bulabo tena.

Na wale ndugu watakaokuja bure wakajaza vyumba vya kulipia? Watakuja tu, wengine hujawaona tangu msiba. Wape sebule na mkeka. Wazee walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwako mahindi yapo ya kupukuchua.

Anti kuna dalali nimempata kwenye grupu la WhatsApp, ana chumba Igoma, picha ni kali balaa, tailsi, feni, kitanda cha futi sita, bei ya kutupa. Anataka nimtumie nusu leo leo kishika chumba maana kuna mtu mwingine anakitaka. Nitume? Kijana wa Geita.

Usitume. Chumba cha tailsi na feni bei ya kutupa wiki ya sikukuu, jiulize kwa nini dalali halali humo yeye. Mwambie apige simu ya video akiwa amesimama nje ya hiyo nyumba, akuoneshe barabara, akuoneshe duka la jirani, aingie ndani bila kukata simu, halafu ampe simu mwenye nyumba mwongee. Akisema bando limeisha umepata jibu. Akikubali na ukaridhika, tuma hela ya usiku mmoja tu, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea, kama dalali anaitwa Juma na jina lililotokea ni la kike, sitisha palepale. Au tafuta rafiki yako yeyote anayeishi Igoma, mpe hela ya soda aende akagonge hodi.

Mambo anti, mi sijali ngoma za asili, nakuja shoo ya bongo fleva pale CCM Kirumba mwezi wa nane. Nako nilale kwa familia? Dogo wa Bunda.

Poa. Hapana, au labda. Shoo ya uwanjani inaisha usiku wa manane, wengine wanatoka alfajiri, na hakuna mama wa watu atakayeamka saa tisa usiku kukufungulia geti, akiamka leo kesho hakutaki. Ukiwa na ndugu Kirumba, Kitangiri au Pasiansi ambaye amekupa funguo yako, sawa, unatembea na kundi mpaka mlangoni. Kama huna, bora mchange watatu mpate gesti hukohuko hata kama ni ghali, kuliko chumba cha bei nafuu Buhongwa halafu usiku ule bodaboda anakutajia bei anayojisikia na huna pa kubishania. Weka chumba mapema, siku shoo ikitangazwa tu, ukisubiri mpaka wasanii watajwe wote bei inakuwa imeshapanda.

Tukikosa kabisa si tunaweza kupiga hema ufukweni, Igombe au Kayenze? Bure kabisa. Wazee wa kambi.

Bure kwa kiboko, ndiyo, anatoka majini usiku kula majani na hema lenu liko njiani kwake. Mamba nao wapo. Halafu mtaoga ziwani asubuhi mpate kichocho, dawa yake ipo lakini si mlikuja kustarehe. Kama hema mnalo tayari ulizeni Bujora penyewe, pana sehemu ya wageni kupiga hema na vyumba vichache, ila siku za Bulabo ndo vya kwanza kwisha, kwa hiyo ulizeni sasa. Wakisema pamejaa ombeni uwanja wa nyumba ya mtu, lipeni kidogo kwa ajili ya choo na maji, na vigingi msije mkavigongea kwenye matuta ya viazi ya mwenye nyumba.