"Mwagia maji asidi": ni kipi kinachomwagwa, na kinamwagwa wapi?

Swali: Ninaandika kwa Kiswahili mwongozo wa kifaa cha kuzalisha klorini katika bwawa la kuogelea la maji ya chumvi. Sehemu ya kusafisha seli nimeiandika hivi: "Seli ikichafuka, mwagia maji asidi, kisha loweka. Ikiacha kutoa povu, itoe, kisha suuza." Mwenzangu anasema maelezo haya ni ya hatari. Je, kisarufi yana kosa lolote?

Jibu: Mwenzako amesema kweli, na hatari yenyewe imo katika mpangilio wa maneno.

Tuanze na kazi inayoelezwa. Ndani ya seli mna mabamba ya titani yaliyopakwa oksidi za metali adimu, na umeme unapopita kati yake, chumvi iliyoyeyuka majini huzaa klorini. Kwenye bamba hasi maji huwa na ubesi mkubwa (kinyume cha uasidi), kwa hiyo kalisi iliyomo majini huganda hapo ikawa magamba meupe ya chokaa, na magamba yakizidi, klorini hupungua. Dawa yake ni asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Sasa, asidi kali ikikutana na maji hutoa joto. Ikimiminwa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, joto hilo humezwa na maji. Lakini maji yakimwagwa juu ya asidi kali, yale machache yanayotangulia huweza kuchemka papo hapo na kuirusha asidi usoni na mikononi mwa anayeimwaga. Msomaji wa mwongozo wako anapaswa kujua bila shaka yoyote kipi kinatangulia kuwemo ndooni.

Sentensi yako haimwambii. Kitenzi "mwagia" kimo katika kauli ya kutendea, nacho kinaweza kubeba shamirisho mbili: kitondo, yaani kinachomwagiwa, na kipozi, yaani kinachomwagwa. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba kitondo hukaa karibu na kitenzi, kama katika "alimpikia mtoto uji". Kwa kanuni hiyo, "mwagia maji asidi" ina maana ya kuimwaga asidi kwenye maji, na wewe hujakosea. Hata hivyo, Waswahili kila siku husema "kumwagilia maji bustani" na "kumwagilia maji mimea", ambapo kinachomwagwa ndicho kinachotangulia. Anayeisoma sentensi yako kwa mazoea hayo atachukua maji na kuyamwaga juu ya asidi, naye pia hatakuwa amekosea. Katika "alimpikia mtoto uji" hakuna anayetatizika, kwa sababu kiambishi "-m-" kinamwonyesha mtoto, na tena uji haupikiwi mtoto. Maji na asidi vyote viwili ni vimiminika, kila kimoja chaweza kumwagiwa kingine, na wewe hukuweka kiambishi chochote.

Ungeweza kukiweka: "yamwagie maji asidi" inaonyesha kwamba maji ndiyo yanayomwagiwa. Ni Kiswahili safi, lakini nisingependa usalama wa macho ya mtu utegemee silabi moja. "Changanya asidi na maji" ni mbaya zaidi, kwa kuwa "na" huviweka vitu viwili sawa na kuuficha utaratibu wote. "Zimua asidi kwa maji" hutaja lengo vizuri, ila "kwa" huyafanya maji yaonekane kuwa ndicho kitu cha kuleta na kuongeza, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia. Njia iliyo wazi ni kuiacha kauli ya kutendea, kutumia "mimina" pamoja na "ndani ya", na kuyapanga maneno kwa utaratibu uleule wa vitendo. Hata vipimo vifuate utaratibu huo: usiandike "asidi moja kwa kumi", bali "sehemu 10 za maji kwa sehemu 1 ya asidi", au kiasi kingine alichokiagiza mtengenezaji.

Lipo tatizo la pili, ambalo mwenzako hakulitaja. "Ikiacha kutoa povu, itoe": nini kitolewe? Seli, asidi na ndoo zote ni za ngeli ya I-ZI, kama yalivyo maneno mengi ya ufundi tuliyoyakopa, kwa hiyo kiambishi "i" hakiwezi kuzitofautisha. Povu ni dalili kwamba asidi inayayeyusha magamba. Likikoma, seli haina sababu ya kuendelea kulowekwa, kwani asidi itabaki kuyala mabamba yenyewe. Katika maandishi ya ufundi, rudia nomino bila kuona haya. Urudiaji ambao katika hadithi ungechosha, hapa ni adabu kwa msomaji.

Ningeandika hivi:

"Zima kifaa na pampu, kisha fungua seli na uitoe. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, ufanye kazi mahali penye hewa ya kutosha. Weka maji kwanza katika ndoo ya plastiki. Mimina asidi polepole ndani ya maji hayo. Loweka seli katika mchanganyiko huo. Povu likikoma, toa seli ndooni, suuza seli kwa maji safi, ndipo uirudishe mahali pake."

Kuhusu "ikichafuka", neno hilo ni pana mno kwa kazi hii. Majani na mchanga ni uchafu pia, navyo huondoka kwa mpira wa maji tu. Asidi hupunguza umri wa upako wa mabamba kila inapotumika, kwa hiyo andika "mabamba yakiwa na magamba ya chokaa yasiyotoka kwa maji". Na katika orodha ya matunzo ya kila baada ya miezi michache, kitenzi kiwe "kagua seli", wala si "safisha seli".