Kwa Wanaoanza Kutangaza Burudani Lamu

Ndugu mnaoanza kazi ya kutangaza maonyesho ya taarabu na maigizo hapa Lamu, nimechelewa kujua kwamba wengi wasionunua tiketi wamekwisha kusikia habari zetu, ila wana maswali ambayo tangazo halikuyajibu.

Burudani ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuijaribu kabla ya kulipa. Ndiyo maana studio za filamu hutoa vionjo miezi kadhaa mapema, na wanamuziki huachia wimbo mmoja kabla ya albamu. Mbinu hizo nilizinakili zote. Nilitoa kionjo, nikahesabu siku zilizosalia, kisha nikaandika “nafasi chache zimebaki” ilhali zaidi ya nusu ya viti havijauzwa. Waliohudhuria waliviona vitupu, na katika mji ambao habari hupita baraza hadi baraza kabla ya alfajiri, maonyesho matatu yaliyofuata watu walisubiri hadi jioni ya siku yenyewe ndipo wanunue.

Ikabidi nizunguke kuuliza. Hakuna aliyejali sana mwimbaji ni nani. Mama mmoja wa mtaa wa Langoni alitaka kujua kama wanawake wametengewa upande wao, na kijana wa kijiji jirani cha Shela akauliza kama kutakuwa na boti ya kumrudisha, kwa sababu nauli ya usiku ilizidi kiingilio chenyewe. Bango langu, ambalo lilinigharimu pesa za kutosha kununua punda, lilikuwa na picha kubwa na saa ya kuanza. Saa ya kumalizika haikuwamo. Siku hizi nauli ya kurudi Shela naiweka ndani ya bei ya tiketi na kuiandika juu kabisa, mahali palipokuwa jina la msanii.

Msipange onyesho la kiingilio katika Ramadhani wala siku za Maulidi: mji hufurika wageni wakati wa Maulidi, lakini hawakuja kwa ajili yenu.

Kuhusu namba za simu za watazamaji, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mwenyewe kabla ya kuitumia namba yake kibiashara. Mimi huweka vikaratasi na kisanduku mlangoni. Anayetaka kuarifiwa huandika namba yake, na nyuma ya kikaratasi huandika kilichomuudhi usiku huo. Nami huanza kusoma upande wa nyuma.