Maswali ya Wasomaji: Mkwe wa Kichina, Mkwe wa Kikadazan

Swali: Binti yetu amechumbiwa na kijana wa Penampang, jimbo la Sabah, Malaysia. Baba yake ni Mchina, mama yake ni Mkadazan. Hapa Tukuyu kila mtu anamwita Mchina, na binti anasema jambo hilo linamuuma mchumba wake. Wazazi wake wanakuja kuleta mahari. Tuwapokee kwa desturi ya nani? *Mama wa binti, Tukuyu*

Jibu: Shikamoo mama. Binti yako ameona jambo la maana. Wachina, kama Wanyakyusa, hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo jina la mkwe wako ni la Kichina na upande wa mama hauonekani kwenye jina. Huo ndio unaopotea kwanza. Ukipotea kwa baba, wajukuu zako hawataupata tena.

Wakadazan ni wenyeji wa Sabah, kaskazini mwa kisiwa cha Borneo. Ni wakulima wa mpunga, na wengi ni Wakatoliki. Wamisionari wa shirika la Kikatoliki la Mill Hill walifika kwao mwaka 1881. Wachina wa Sabah wengi ni Wahakka, moja ya makundi ya Wachina, walioanza kuletwa miaka ya 1880 na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala huko. Baadhi yao walioa wenyeji, na jamii ya watu wa asili hizo mbili ipo tangu enzi hizo. Usidhani ni suala la hisia tu: kwa Sheria ya Ardhi ya Sabah ya 1930, kuna ardhi yenye hati ya wazawa ambayo haiwezi kuhamishiwa mtu asiye mzawa. Kutambuliwa kwa upande wa mama kunagusa mashamba.

Kuhusu mahari, hawatashangaa kusikia habari za ng'ombe, kwani Wakadazan wa zamani walitoa nyati, patu za shaba na mitungi. Kinachoharibu shughuli ni orodha kutolewa mezani siku ileile. Wazee wetu hutaja kiwango kikubwa wakijua kitapunguzwa. Mgeni hudhani ndiyo bei ya mwisho, ananyamaza, na pande zote mbili zinaondoka na kinyongo. Mshenga apeleke orodha wiki mbili kabla: ng'ombe wa kuswagwa wangapi, wa fedha wangapi, mkaja wa mama kiasi gani, na lipi linaweza kusubiri baada ya harusi.

Siku ya harusi upande wa baba watataka chai ya heshima. Andaeni sinia, vikombe vidogo, mto wa kupigia magoti na chai ya rangi. Ya Rungwe inafaa kabisa. Maharusi hupiga magoti na kumpa kila mkubwa kikombe kwa mikono miwili, kuanzia babu na bibi, kisha wazazi, kisha wajomba na mashangazi. Anayekunywa huacha bahasha nyekundu kwenye sinia. Kiasi kianze na namba shufwa, 20,000 au 60,000, ila si 40,000, maana 4 kwao ni namba ya mkosi, na fedha za witiri ni za msibani.

Hapo kuna jambo la kutatua mapema. Kwa wazee wanaoshika mila ya Kinyakyusa, mke wa mtoto hamkabili baba mkwe wake, sembuse kumpa kikombe mkononi. Bwana harusi ndiye ampe baba yake, bibi harusi ampe mama mkwe, na wazee waelezwe siku chache kabla. Ndugu wa mama wa kijana wakija, nao wapewe chai ileile, wasikalishwe pembeni kama watazamaji.

Swali: Nina mimba ya miezi minane. Mama mkwe wangu, Mkadazan aliyeolewa na Mhakka, anakuja kunitunza mwezi mzima baada ya kujifungua. Anasema atanipikia kuku wa tangawizi kwa pombe ya mchele. Kwetu hatutumii pombe. Na je, ulanzi mtamu usiochachuka bado unaweza kushika nafasi yake? *Mjamzito, Iringa*

Jibu: Hongera, dada. Supu hiyo ni mahali ambapo pande mbili za mume wako zilikutana jikoni: Wahakka humpa mzazi kuku wa tangawizi na pombe ya mchele, na Wakadazan wana pombe yao ya mchele, lihing, ambayo nao huipikia kuku. Ndiyo maana mama mkwe anaing'ang'ania.

Kuku wa kienyeji mmoja wa kilo moja na nusu, tangawizi iliyokomaa gramu 150, mafuta ya ufuta vijiko viwili vikubwa, maji lita moja na nusu. Tangawizi changa haifai, ina maji mengi na haina ukali. Menya, kata vipande vyembamba, ponda kidogo. Ikaange kwa moto mdogo mpaka kingo zikauke na kuanza kuwa za kahawia. Ukiharakisha inaungua na supu nzima inakuwa chungu. Tia kuku, geuzageuza mpaka maji yake yakauke, ndipo umimine maji ya moto. Kuku wa kienyeji atahitaji saa moja na nusu au zaidi. Lihing, kama nusu lita, huingia sehemu moja mapema na nyingine dakika kumi za mwisho. Chumvi mwishoni.

Ulanzi usiutie. Ni utomvu wa mwanzi, unachachuka upesi, na supu itakuwa kali ya siki bila ule utamu wa mchele. Mchele wa Kyela nao hautengenezi lihing: kinachotakiwa ni mchele unaonata pamoja na hamira yao maalumu, sasad.

Kwa kuwa hamtumii pombe, mwombe apike bila lihing na aongeze tangawizi. Hata kwa wanaotumia, pombe haiishi yote kwa kuchemka, na wewe utakuwa unanyonyesha. Mwambie mapema, kabla hajafunga mzigo. Akikukataza kuosha nywele mwezi mzima, kama ilivyo desturi yao kwa mzazi, kubalianeni maji ya moto na kukausha nywele upesi. Baridi ya Iringa anaiogopa kwa haki.

Swali: Mume wangu ni wa Sabah, jina lake kwenye pasipoti limeandikwa mfululizo. Jina la mtoto liandikweje kwenye cheti, na atakuwa raia wa wapi? *Msomaji, Mbeya mjini*

Jibu: Jina la ukoo la Kichina hutangulia. Mwandishi wa vyeti aliyezoea majina yetu huchukua neno la mwisho kuwa ukoo, na mtoto anaishia kuitwa kwa kipande cha jina la baba. Andika karatasi kwa herufi kubwa: jina la mtoto, la kati, la ukoo, soma kila herufi kabla ya kusaini. Kama mnataka upande wa bibi Mkadazan ubaki, jina la kutoka kwa wazee wake liingie kwenye cheti sasa, kwa sababu kuliongeza baadaye kunadai kiapo na safari nyingi.

Tanzania inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi mbili hadi atimize miaka 18, kisha lazima aukane mmoja. Malaysia nayo haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Baba amsajili mtoto kwenye ubalozi wake ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, akiwa na cheti cha ndoa. Kama mlifunga ndoa baada ya mtoto kuzaliwa, sheria ya Malaysia haimpi uraia kupitia baba moja kwa moja. Waulizeni ubalozi kabla ya kujaza fomu yoyote.

Swali: Tufanye nini nyumbani kwa sikukuu ya mavuno ya Wakadazan? *Mke wa mgeni, Kyela*

Jibu: Kaamatan ni tarehe 30 na 31 Mei, wakati mpunga wa Kyela nao unavunwa. Wasimulie watoto habari za Huminodun, binti aliyetolewa na baba yake Kinoingan, Mungu muumba wa Wakadazan, ili watu wasife njaa, na mwili wake ukawa mpunga. Kisha pikeni linopot: wali vikombe viwili vya mchele, magimbi nusu kilo yaliyochemshwa mpaka yalainike kabisa (yakiwa mabichi yanawasha koo), pondeni pamoja yakiwa ya moto, fungeni kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni lisipasuke.