Kabla Hujagusa Nati ya Gurudumu la Lori la Jeshi

Malori ya zamani ya jeshi yana watu wake, na mimi ni mmoja wao. Gerejini kwetu Arusha yamepita malori ya Bedford yaliyotoka Jeshi la Uingereza yakaja kubeba watalii, na Land Rover za mnada zisizo na kitabu wala kadi. Nazipenda kwa moyo wote. Ila fundi kijana akija kujifunza, namwambia asianze na injini. Aanze kuogopa gurudumu.

Rimu nyingi za malori haya si kipande kimoja. Tairi linavalishwa kwenye rimu, kisha linashikwa ubavuni na ringi ya chuma inayokaa kwenye mfereji wake. Upepo ukijaa, ringi hiyo ndiyo inayozuia msukumo wa tani kadhaa. Mfereji ukiliwa na kutu, ringi ikipinda, au ikiwa imetolewa kwenye rimu ya aina nyingine, inaweza kufyatuka, na aliyeinama mbele yake hana muda wa kukwepa. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikimwona fundi wa pancha akigonga ringi kwa nyundo ili ikae vizuri huku kompresa inanguruma. Ringi imekataa kukaa? Toa upepo wote, fungua, anza upya.

Na kutoa upepo wote si kubonyeza valvu mpaka isikike kimya. Chomoa sindano ya ndani ya valvu, halafu pitisha waya mwembamba kwenye tundu, kwa sababu uchafu huweza kuziba na tairi likabaki limejaa. Kazi hiyo ifanyike gurudumu likiwa bado limefungwa kwenye gari. Sheria za usalama kazini za Marekani zinasema wazi: tairi la rimu ya vipande likitembea na asilimia 80 ya upepo wake unaotakiwa, au chini ya hapo, lazima litolewe upepo wote kabla gurudumu halijavuliwa. Mimi siangalii asilimia. Kwa gari nisilolijua historia yake, natoa wote kila mara.

Kuna rimu nyingine ya nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa boliti, iliyotumika sana kwenye jeep na malori ya GMC ya Vita Kuu ya Pili. Hapo unakuta duara mbili za nati: moja inashika gurudumu kwenye habu (kitovu chake kwenye ekseli), nyingine inashika zile nusu zisiachane. Ukilegeza hii ya pili tairi likiwa na upepo, umefungua bomu. Kwenye magari yao mengi Waingereza walizipaka nati hizo rangi nyekundu, lakini lori la miaka sitini limeshapakwa rangi juu ya rangi, na ile nyekundu imezikwa chini. Piga brashi ya waya kwanza, uone unachokishika. Kumbuka pia kwamba malori mengi ya enzi hizo yana nati za kufungukia kinyume upande wa kushoto. Mtu akiongeza bomba kwenye spana na kukaza badala ya kulegeza, stadi, yaani boliti inayoshika nati, inakatika.

Wakati wa kujaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha mabomba mazito, mpira wa upepo uwe mrefu na wenye klipu, nawe ukae pembeni, mbali na uso wa gurudumu. Kulilaza ringi ikitazama chini hakusaidii, gurudumu zima huruka juu. Rimu yenye ufa haichomelewi, hata na fundi bora wa mji. Ikateni kwa gesi, tairi likiwa limeshavuliwa, asije mwingine akaiokota jalalani na kuiuza.

Jeki nayo ina mtego wake. Kwenye lori la jeshi la Marekani la M35, na hata Land Rover za zamani, handbreki haishiki magurudumu, inashika propela, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye ekseli. Kwa Land Rover, ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inaliacha hilo lizunguke na gari linaweza kutembea handbreki ikiwa imevutwa. Ukifungua propela, huna handbreki kabisa. Weka kabari za mbao ngumu pande zote mbili za magurudumu yaliyobaki chini, na usiingie uvunguni bila stendi.

Lainingi za breki za zamani, yaani vipande vinavyosugua, mara nyingi zina asbesto, madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu, kwa hiyo vumbi lake lisipulizwe kwa kompresa. Liloweshe, lifute kwa kitambaa, kitambaa kiende kwenye mfuko uliofungwa. Geji za wakati wa vita zilizopakwa radiamu, madini yenye mionzi yaliyozifanya zing'ae gizani, ziache na kioo chake. Mng'ao umekwisha, mionzi ipo.

Mwisho, breki zenyewe. Malori mengi ya rika hili yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote yanakosa breki. Badilisha paipu zote za mpira kabla ya kulitoa getini, hata zile zinazoonekana nzima, na jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, kwa gia ya kwanza, watu wakiwa mbali.