Kadi ya Mnara na hati isiyoonekana kabatini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Shoga yangu aliniunganisha na dada anayesoma kadi za taroti kwa WhatsApp. Nikalipa, ikatoka kadi ya Mnara. Akasema nyumba yangu itaanguka ghafla, na anayeiangusha ni mwanamke mtu mzima wa karibu. Sasa anataka laki mbili na nusu azuie. Mama mkwe tunaishi naye, siku hizi hata chakula chake nakiogopa. Mume wangu naye amekuwa kimya, na hati ya kiwanja siioni kabatini, nahisi ameikopea. Nitume hiyo hela? (Barua imefupishwa.)*

Marahaba, mwanangu. Hela usitume.

Kwamba umeogopa, sikushangai. Mnara juu ya mwamba, radi imeupiga kileleni, taji linang'oka, moto unatoka madirishani, watu wawili wanaporomoka vichwa chini. Ukitumiwa picha hiyo usiku, usingizi kwaheri. Ila taroti zilianza Italia karne ya 15, zikiwa karata za kuchezea tu. Kuzipigia ramli kulikuja kushika kasi Ufaransa karne ya 18, na mnara huo unaouona kwenye simu yaelekea ni ule aliouchora Pamela Colman Smith, kwenye kadi zilizotolewa London mwaka 1909. Wanaozisoma husema Mnara ni mageuzi ya ghafla: kilichojengwa juu ya uongo kinafichuka, mwenye kiburi anashushwa. Huo ni namba 16. Namba 17 ni Nyota, nayo husomwa kuwa matumaini. Hiyo hakukutajia, maana matumaini hayauziki laki mbili na nusu.

Tena iangalie vizuri. Hakuna bibi aliyesimama pembeni akiusukuma mnara. Huyo kaongezwa na dada yako wa WhatsApp.

Hapo ndipo aliponiudhi. Sisi wa Kanda ya Ziwa ramli chonganishi tunaijua. Vikongwe wamekatwa mapanga huku kwetu kisa macho mekundu, macho ya watu waliopikia moshi maisha yao yote, na mara nyingi nyuma yake alikuwepo mpiga ramli aliyenyoosha kidole. Sasa amehamia kwenye simu, ana kadi za rangi, kazi yake ni ileile. Mama mkwe wako amekukosea nini? Nimeitafuta sababu kwenye barua yako nzima, sijaiona. Kula chakula chake.

Nilichokiona ni hati. Umejaza kurasa kwa habari za kadi, hati ukaipa mstari mmoja mwishoni. Mume kimya, hati haipo: hilo linatosha kukunyima usingizi bila taroti. Na kama amekwenda kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kali, kila wiki inayopita deni linanenepa.

Muulize yeye mwenyewe, watoto wakishalala. Habari za kadi usizitaje kabisa, utampa pa kukimbilia. Mwambie, “Baba watoto, hati siioni. Iko wapi, na tunadaiwa shilingi ngapi?” Kisha nyamaza. Usimjazie majibu wala usimtaje mama yake. Wanaume wengi mtaji ukikata hukopa kwanza, kusema baadaye, na wengine hawasemi mpaka mkopeshaji agonge mlango. Inawezekana ni aibu tu. Inawezekana kuna kibaya zaidi, sijui, lakini utakijua kwake kabla ya kukijua kwa dalali.

Hukusema kama kiwanja hicho ndicho chenye nyumba mnayoishi. Kama ndicho, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na haki yako unaweza kuilinda kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yako, waulize msaidizi wa kisheria aliye karibu. Beba cheti cha ndoa kama unacho, na nakala ya hati kama mliwahi kutoa. Mkopeshaji au mumeo akileta karatasi ya kusaini kabla hujaonana na msaidizi huyo, usisaini, hata ukiambiwa ni ya kuongezewa muda tu.