Kabla hamjamfukuza kocha wa kikapu wa wasichana, wapigieni simu walioacha timu

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Timu ya kikapu ya wanawake ya chuo chenu imeshinda mechi 3 kati ya 14, mwaka jana ilikuwa inagombea nafasi za juu, na wiki ijayo kamati ya michezo inakaa kuamua kama kocha abaki au aondoke. Wachangiaji wengi humu wameshakata shauri: aondoke.

Mimi nilikaa kwenye kikao kama hicho miaka kadhaa iliyopita, chuo kimoja hapahapa Dar ambacho sitakitaja. Nilikuwa meneja wa timu, yaani mbeba maji, mfua jezi na mwandishi wa daftari. Tuliingia kikaoni tumeshaamua, tukatoka na jambo jingine kabisa. Nitaandika marefu, mnivumilie.

Nianze na daftari. Kila mechi nilikaa mwisho wa benchi na daftari la kawaida la mistari, nachora vijiti: mipira iliyopotea, ribaundi, mitupo huru iliyoingia na iliyokosa, robo kwa robo. Hakuna aliyenituma. Goti lilikuwa limenitoa uwanjani na kukaa bure niliona aibu. Siku mbili kabla ya kikao nikalifungua, na sitaki kuwadanganya, nilikuwa natafuta ushahidi wa kummaliza yule kocha. Nikakuta kwamba nusu ya kwanza tulikuwa tunakwenda sambamba na karibu kila timu. Tulikuwa tunafia robo ya 3, pale wapinzani walipoanza kutubana uwanja mzima. Vijiti vya mipira iliyopotea kwenye robo hiyo vilijaa mpaka nikawa naandika pembeni ya mstari.

Kuna mechi moja naiona mpaka leo. Uwanja wa saruji, jua bado kali, kivuli kiko upande wa wapinzani. Senta wetu ni binti mrefu aliyetoka kwenye netiboli, kacheza mpaka UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, akidaka mpira haumtoki. Anaupokea karibu na mstari wa kati, anasimama, anazungusha mguu mmoja akitafuta wa kumpa. Netiboli haina habari ya kukimbia huku unadunda mpira. Miaka yote shuleni amefundishwa kudaka, kusimama na kutoa, na mlinzi wa netiboli analazimika kukaa karibu mita moja kutoka kwako. Huyu wa kikapu alikuwa anampumulia usoni. Refa anahesabu kwa mkono, zinatimia sekunde 5, filimbi, mpira wao. Haikupita dakika, binti yuleyule, mahali palepale, filimbi ileile. Mara ya tatu alijaribu kudunda, mpira ukagonga kiatu chake ukatoka nje, watu wakacheka.

Kocha alikuwa anapiga kelele, "Cheza! Cheza!" Acheze nini sasa? Nusu ya pili kocha ana taimauti 3, kila moja dakika nzima, na usipozitumia hazikufuati popote. Siku ile alitumia moja, zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabu na tumeshafungwa. Mbili alikwenda nazo nyumbani. Hilo ni kosa la kocha, halina mjadala, na kwenye kikao nililisema hivyohivyo. Binti wa netiboli hafundishiki kudunda mpira katikati ya mechi, lakini unaweza kusimamisha mchezo na kumwambia mwenzake asogee karibu apokee. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Ila kuna yasiyokuwa yake. Mipira, kwa mfano. Kikapu cha wanawake kinachezwa kwa mpira namba 6, wanaume namba 7, ambao ni mkubwa na mzito zaidi. Chuo kilikuwa na mipira ya timu ya wanaume tu. Wasichana walifanya mazoezi na namba 7 wiki nzima, siku ya mechi wanapewa namba 6, kila mtupo unapita juu ya ringi. Kocha aliandika barua ya kuomba mipira. Barua hiyo tuliikuta kwenye faili la kamati, imegongwa muhuri wa kupokelewa, imelala. Wajumbe waliokuwa wanamhukumu kwa kukosa mitupo ndio hao waliokalia barua.

Mchangiaji mmoja hapo juu kasema kwa Marekani kocha wa hivi angekuwa ameshafungasha virago. Pengine. Lakini Geno Auriemma, kocha wa kikapu cha wanawake, msimu wake wa kwanza pale Chuo Kikuu cha Connecticut, 1985-86, alishinda 12 akafungwa 15. Hawakumfukuza, na mwaka 1995 akatwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi hata moja. Dawn Staley aliingia South Carolina akaanza na ushindi 10 na vipigo 18 msimu wa 2008-09, akaja kubeba ubingwa 2017, 2022 na 2024. Marehemu Pat Summitt wa Tennessee, aliyestaafu 2012 akiwa na ushindi 1,098, ubingwa wake wa 1997 aliuchukua na timu iliyofungwa mechi 10 msimu huohuo. Sisemi kocha wenu ni Summitt. Nasema hesabu ya ushindi na vipigo peke yake haikuambii umekaa na nani.

Halafu kule kocha anazunguka nchi nzima kuchagua wachezaji, anawalipia masomo, kwa hiyo akiboronga ana la kujibu. Kocha wa chuo hapa Dar anapokea yeyote aliyepangiwa chuo na akajitokeza na raba. Wanaojua kucheza wanachukuliwa na timu za ligi ya mkoa, ratiba zikigongana wanakwenda huko. Wengine wanakwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, wengine wanakamatwa na sup, mitihani ya marudio, na boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa hata nauli ya mazoezi ni kesi. Mkuu, umesema mwaka jana mlikuwa juu. Wangapi wa kikosi kile wameshavaa joho? Hilo hujaliandika, na ningekuwa mjumbe ndilo swali ambalo ningeuliza la kwanza.

Sasa nije kwenye lililobadilisha kikao chetu. Nyuma ya daftari nilikuwa na orodha ya majina ya mwanzo wa msimu, wachezaji 14. Mechi ya mwisho tulikuwa 8, na mmoja kati ya hao 8 alicheza na homa kwa sababu hatukuwa na wa kumpumzisha. Nikajiuliza, hawa 6 walikwenda wapi? Usiku ule nikanunua dakika, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja.

Wawili walisema usafiri. Uwanja wetu una taa mbovu na timu ya wanaume ilikuwa na zamu ya saa 10 jioni, wasichana wanapewa saa 12. Wakimaliza saa 2 usiku, mmoja ana safari ya Mbagala, mwingine Bunju. Wa Bunju aliniambia, "Dada, nilikuwa nafika nyumbani saa 4, baba yuko mlangoni na tochi." Aliacha wiki ya tatu.

Wa tatu alikuwa field mkoani, huyo hana wa kumlaumu. Wa nne alikamata sup mbili, akaomba apunguziwe siku za mazoezi ili asome, kocha akamwambia achague moja, kitabu au mpira. Akachagua kitabu, na mimi ningefanya hivyohivyo.

Wa tano alitegua kifundo cha mguu mazoezini. Alikaa hosteli wiki tatu na hakuna aliyekwenda kumjulia hali, akaona basi, si wa muhimu. Huyu ni wangu. Meneja nilikuwa mimi. Nilimwomba radhi kwenye simu, akanyamaza kidogo, akasema yamekwisha. Sijui kama kweli yalikwisha.

Wa sita hakutaka kuongea. Nilimpigia tena kesho yake. Kocha alitoa maneno kuhusu mwili wake mbele ya wachezaji wa kiume waliokuwa wanasubiri uwanja, nao wakaangua kicheko. Maneno yenyewe siyaandiki. Alivua viatu palepale, akaondoka na soksi mpaka getini, na tangu siku hiyo hajagusa mpira. Nilikuwepo siku ile. Nilidhani amekasirika kwa kuwekwa benchi.

Kikaoni nikasoma yote, pamoja na barua ya mipira na taimauti. Kocha akaitwa ndani. Mwenyekiti, mzee mpole sana, akamuuliza: "Mwalimu, watoto 6 wameondoka msimu mmoja, ulimpigia yupi?" Akajibu, "Nilijua kamati inafuatilia." Sisi tukaangaliana, kwa sababu kamati ilijua kocha anafuatilia.

Hatukumfukuza. Aliandikiwa barua ya onyo, akatakiwa amwombe radhi yule binti, na alimwomba. Chuo kikanunua mipira minne namba 6, na zamu ya saa 10 ikawa ya kupokezana na wanaume, jambo lililozua ugomvi wake ambao siuelezi hapa. Msimu uliofuata wa Bunju alirudi. Wa sita hakurudi.

Nilipiga kura abaki. Leo ningepiga tofauti, na isingekuwa kwa sababu ya vipigo. Ya taimauti yanafundishika, na ya sup angeweza kuelekezwa. Lile la binti wa sita peke yake lingenitosha, hata kama angekuwa ameshinda mechi zote 14. Wakati ule nilijiona naleta usawa.

Kwa hiyo mkuu, kocha wenu simjui na siwezi kukuambia abaki au aondoke. Nenda kwanza kwenye meza ya takwimu, kama mnayo, uangalie mnafungwa robo ya ngapi na taimauti zilitumika saa ngapi. Uliza wasichana wanafanya mazoezi na mpira namba ngapi. Waulize wachezaji bila kocha na bila mwenyekiti kuwepo, na anayeuliza awe mwanamke, tafadhali. Na wale walioanza msimu hawakuumaliza, tafuta namba zao kabla ya kikao. Piga jioni, baada ya vipindi. Wa kwanza kukataa kuongea, mpigie tena kesho yake.